Ndoo, Kijiko na Mapigo Saba

Binti yule alikuwa na miaka minne, na hiyo ilikuwa wiki yake ya tatu darasani kwangu. Hakuwa akiimba. Tukikaa duara asubuhi naye alikaa, tukisimama alisimama, lakini wenzake walipoanza wimbo yeye alifumba mdomo na kutazama vidole vya miguu yake. Siku moja, saa ya michezo, nikamkuta nje amechuchumaa kwenye mchanga. Alikuwa amepindua ndoo ya plastiki, anaipiga kwa kijiko. Ta-ka, ta-ka, ta-ka-ka. Ta-ka, ta-ka, ta-ka-ka. Hakukosea hata mara moja. Kila mzunguko ulirudi pale pale, na kila alipofika kwenye lile fungu refu la mwisho, bega lake la kushoto lilishuka kidogo, kama afanyavyo mtu anayecheza ngoma aliyoizoea tangu utotoni.

Nikachuchumaa kando yake, nikamsifu, kisha nikasema, "Sasa jaribu hivi." Nikamshika mkono wenye kijiko nikaongeza pigo moja mwishoni, ili mdundo ukae sawa, nane kamili, kama nyimbo zetu zote za darasani. Akapiga ya kwangu mara mbili. Akakilaza kijiko juu ya ndoo taratibu, akaondoka. Kwa muda wa wiki mbili sikumwona tena akigusa kitu chochote cha kupigwa.

Lile pigo moja nililoliongeza ndilo lililonifundisha karibu yote ninayoyaamini leo kuhusu muziki wa watoto wadogo.

Mafunzo ya ualimu wa muziki niliyopewa yalikuwa mazuri kwa namna yake. Nilijua kupanga kipindi cha nusu saa: wimbo wa salamu, wimbo wa vitendo, zamu ya manyanga na ngoma ndogo, wimbo wa kuagana. Nilijua kwamba sauti ya mtoto wa umri huo hukaa vizuri zaidi juu kidogo kuliko sauti ya mtu mzima anapoongea, na kwamba mwalimu anayeanzisha wimbo chini mno huwafanya watoto wangurume badala ya kuimba. Lakini mchezo ulikuwa jambo la nje ya kipindi. Ulikuwa mapumziko, au chambo: cheza kidogo, halafu tujifunze. Na utamaduni wa mtoto ulikuwa kitu cha kuongezwa baadaye, programu ikishakamilika, kama pambo.

Siku moja mvua ilinyesha jioni, na bibi yake yule binti, aliyekuja kumchukua, akakwama mlangoni pamoja nasi. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia marahaba, akaketi kwenye benchi la watoto, akampakata mjukuu. Binti alikuwa amechoka. Bibi akaanza kumwimbia kwa sauti ya chini huku akimpigapiga mgongoni, na mimi nikausikia mkono kabla sijausikia wimbo. Fupi, fupi, ndefu. Nikahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wangu: mbili, mbili, tatu. Saba. Nikahesabu tena. Saba.

"Bibi, wimbo huo ni wa nini?"

"Huu? Wa kulaza mtoto, mwalimu. Mama yangu alinilaza nao, nami nikamlaza nao mama yake huyu." Akamwangalia mtoto, akacheka kidogo. "Nyumbani anaupiga kwenye meza mpaka tunamwambia, basi jamani, masikio yanauma."

Kwa hiyo mtoto hakuwa amekosea. Alikuwa amebeba wimbo wa vizazi vitatu, ameutoa mdomoni na kuuweka kwenye kijiko, na mwalimu wake wa muziki akamwambia haujakamilika.

Kesho yake nilitafuta ndoo mbili. Nikakaa mchangani nikaanza kupiga ule wa saba, na nikauharibu, kwa sababu mkono wangu ulikuwa unatafuta pigo la nane kwa mazoea. Akaja akasimama. Akanitazama nikikosea mara ya tatu na ya nne. Halafu akanishika mkono, kama mimi nilivyomshika, akaushusha mahali panapostahili. Hakusema neno. Tulipiga pamoja labda dakika tano, na nilipofanikiwa kuzunguka mara mbili bila kuteleza, lile bega la kushoto likashuka.

Baadaye nilikutana na utafiti uliofafanua nilichokuwa nimekiona. Erin Hannon na Sandra Trehub walichapisha matokeo yao mwaka 2005. Watoto wachanga wa miezi sita waliokulia Amerika Kaskazini waliweza kutambua mdundo ulipobadilishwa, uwe mdundo wa kawaida wa kwao au ule wa Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, wenye mafungu yasiyolingana, wa namna ya mbili-mbili-tatu. Watu wazima wa kwao walishindwa kwenye midundo ya Balkani. Wale wenye asili ya Bulgaria na Makedonia waliweza yote miwili. Kufikia miezi kumi na miwili watoto nao walikuwa wameanza kuegemea upande wa kwao. Ila hapa ndipo penye jambo lililonigusa zaidi: watoto hao wa mwaka mmoja waliposikilizishwa muziki wa Balkani nyumbani kwa wiki mbili tu, uwezo wao ulirudi. Watu wazima waliosikiliza kwa muda huohuo haukuwarudia.

Nilisoma hayo nikafikiria darasa langu. Watoto wanakuja kwetu masikio yao yakiwa bado na mlango wazi, na kila mmoja ameshaingiza kitu chake ndani. Mwalimu akiimba miaka miwili nyimbo za aina moja, za mapigo manne, za ngazi moja ya sauti, anaufunga mlango huo polepole kwa watoto wote, hata kwa wale ambao nyimbo hizo ni za kwao.

Basi nikabadilisha jambo moja kwanza, na ndilo gumu kuliko yote: nikanyamaza. Kila siku, kwa dakika kumi na tano za mchezo huru, nilikaa na daftari pembeni bila kuongoza chochote. Wiki ya kwanza niliona fujo. Wiki ya pili nikaanza kusikia. Mvulana aliyekuwa anasukuma gari la mbao alikuwa anaimba sauti mbili tu, juu na chini, na gari lilipopanda kizingiti sauti nayo ilipanda. Wasichana wawili waliokuwa wanapigana makofi walikuwa na mchezo ambao mkono mmoja unakwenda kwa tatu na maneno yanakwenda kwa mbili. Mimi mwenyewe ilinibidi nijifungie chumbani kuufanyia mazoezi. Mtoto mwingine, ambaye lugha ya darasani alikuwa haijui kabisa, alikuwa akiitikia viitikio vya wenzake kwa vokali peke yake, sauti sahihi kabisa, maneno hakuna.

Ndipo nilipoelewa vizuri alichokiandika John Blacking, mtafiti wa muziki na jamii aliyeishi kati ya Wavenda wa Afrika Kusini kuanzia 1956 hadi 1958 na mwaka 1967 akatoa kitabu kuhusu nyimbo za watoto wao. Blacking aliona kwamba watoto hawakuanza na nyimbo rahisi zaidi kimuziki kisha wakapanda ngazi hadi zile ngumu. Walijifunza zile walizozisikia na kuzihitaji kwenye maisha na michezo yao, hata kama zilikuwa na sauti nyingi tofauti za kupanda na kushuka. Mitaala mingi tunayopewa imepangwa kinyume chake: sauti mbili, halafu tatu, halafu tano, kama vile mtoto hajawahi kusikia muziki kabla ya kukutana nasi. Siidharau mipango hiyo. Nasema tu kwamba ngazi ya mwalimu na ngazi ya mtoto huenda zisiwe ngazi moja, na mchezo ndio mahali pekee ambapo utaiona ya mtoto.

Kwenye ujumuishi, yaani kumpa kila mtoto nafasi pamoja na utamaduni wake, nilifanya kosa la pili, na hili liliniumiza zaidi kwa sababu nilikuwa na nia njema. Tuliandaa siku ya kila mtoto kuimba wimbo wa kwao. Kila mtoto alete wimbo, avae mavazi, asimame mbele. Mvulana mmoja wa miaka mitano, ambaye siku zote alikuwa mchangamfu, aliposimama akaanza kulia. Baba yake akaniambia pembeni, kwa upole ambao sikuustahili, "Mwalimu, huyu amezaliwa hapahapa. Ule wimbo nimemfundisha juzi kwa ajili ya shughuli yako. Kwetu tunasikiliza muziki wa redio kama ninyi." Nilikuwa nimeamua mtoto yule ni wa wapi kabla ya kumuuliza ni nani. Nilimtafutia utamaduni kwenye jina lake, wakati utamaduni wake ulikuwa kwenye redio ya jikoni na kwenye nyimbo za mpira alizoimba na kaka zake.

Tangu siku hiyo sijamsimamisha mtoto awakilishe watu wake. Ninawauliza wazazi, mmojammoja, tena wakati wa kawaida wa kuleta na kuchukua watoto: nyumbani mnaimba nini? Anayemlaza anamlaza na nini? Ukiwa unafua au unapika, unaimba wimbo gani? Na mzazi akisema "hatuimbi," naamini, halafu nauliza anacheza nini. Mara nyingi hapo ndipo wimbo unapojitokeza, umejificha ndani ya mchezo wa kumrusha mtoto juu au kumhesabu vidole.

Kuna maswali mengine niliyojifunza kuuliza kwa kuchelewa. Niliwahi kuwafundisha watoto wimbo mtamu, wa kupishana sauti ya kiongozi na kiitikio, tukauwekea miruko na vicheko. Mama mmoja akaja kuniambia kwamba kwao wimbo ule huimbwa msibani. Hakukasirika, ila uso wake ulikuwa mzito. Wimbo ukitolewa mahali pake unaweza kubaki na sauti zake zote na bado ukawa umevunjika. Siku hizi kabla ya kuuingiza wimbo darasani natafuta mtu wa kwao nimuulize: huimbwa na nani, huimbwa lini, na je, kuna mtu asiyepaswa kuuimba? Jibu la swali la mwisho limeninusuru zaidi ya mara moja. Zipo nyimbo nilizozipenda sana nikaziacha.

Halafu kuna suala la lugha. Sisi tunaotumia Kiswahili kutwa nzima ni rahisi kusahau kwamba katika lugha nyingi kupanda na kushuka kwa sauti ndiko kunakotenganisha neno na neno. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo, kwa hiyo tunaweza kuyavika maneno yetu karibu sauti yoyote. Nilipojifunza kutoka kwa mtoto mmoja kipande cha wimbo wa lugha ya kwao, niliona mwisho wake umeanguka mno, nikaupandisha ili upendeze. Mtoto akashika mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Mwalimu, umesema kitu kingine!"

Hakutaka kuniambia ni kitu gani, na kwa jinsi alivyocheka sikusisitiza. Nikamwomba anifundishe upya, mbele ya wote, polepole. Dakika zile ndizo nilizoona kwa mara ya kwanza mabega yake yakinyooka darasani. Tangu hapo nyimbo za lugha za watoto tunaziimba kwa lugha zenyewe, na mwalimu wa matamshi ni mtoto au mzazi. Sitafsiri ili uimbike. Naeleza unahusu nini, basi. Watoto wa miaka minne hawaogopi maneno wasiyoyaelewa. Karibu kila siku wanaishi kati ya maneno wasiyoyaelewa. Wanaoogopa ni sisi.

Walimu wenzangu huniuliza kama basi nimezitupa zile mbinu kubwa tulizosoma. Hapana. Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Hungaria, alisisitiza kwamba mtoto aanze na nyimbo za lugha ya mama yake, na huo ni msingi ninaousimamia kwa nguvu zangu zote. Tatizo ni pale tunapochukua mpangilio uliotokana na nyimbo za Kihungaria, tukauweka darasani kama ulivyo, na kuiacha nyumbani ile kanuni iliyouzaa. Carl Orff naye, mtunzi wa Kijerumani aliyeanzisha shule ya muziki na mwendo huko Munich mwaka 1924 pamoja na Dorothee Günther, na baadaye kufanya kazi kwa karibu na Gunild Keetman, alitupa wazo la ala ambazo mtoto anaweza kuzicheza siku ya kwanza. Marimba zile ndogo zenye vibao vinavyotoka zilitengenezwa kwa kuiga marimba za Afrika na Indonesia. Nalitaja hilo kwa makusudi kila ninapozungumza na walimu wapya, kwa sababu wengi wanaziona kama kitu cha Ulaya tupu.

Kwa mchezo huru, hakuna ala inayonisaidia zaidi. Kati ya sauti saba za ngazi ya muziki, ukitoa vibao vya fa na ti vinabaki do, re, mi, so, la, na mtoto yeyote akigonga popote, pamoja na mwenzake anayegonga popote, sauti hazigombani. Hapo mtoto anayeogopa kukosea anapata mahali ambapo hakuna kukosea. Lakini nawe usilale hapo. Ala za kiwandani zimepangwa sauti kwa namna moja, na nyimbo nyingi za dunia zina sauti zinazoangukia katikati ya vibao viwili. Nilikuwa na mtoto ambaye kila mara aliimba sauti ya tatu ya ngazi, ile mi, chini kidogo ya ile ya kinanda, nami nikaandika kwenye ripoti yake kwamba bado hajashika sauti. Nilipomsikia mjomba wake akiimba, sauti ya tatu ilikuwa palepale alipoiweka mtoto. Niliifuta ile ripoti nikaandika nyingine. Siku hizi, wimbo ukiwa wa namna hiyo, kinanda kinafungwa na tunaimba kwa koo na makofi.

Upande wa mchezo wenyewe, sitaki mtu adhani nawaacha watoto waharibu ngoma. Kona yetu ya sauti ina ala chache tu kwa wakati mmoja, kwa sababu zikiwa nyingi mtoto anarukaruka bila kukitulia chochote. Ala hupigwa kwa kitu chake, anayesema "inatosha" anasikilizwa, na mtoto ambaye kelele humuumiza ana mahali pake kwenye zulia, mbali na ngoma kubwa, na anaweza kuishika ngozi ya ngoma kwa kiganja bila kuisikia kwa nguvu. Mtoto asiyesikia vizuri tunamweka kinyume chake: miguu mitupu kwenye sakafu ya mbao, ngoma kubwa imelazwa karibu naye. Mmoja wao ndiye aliyekuwa anatuashiria wimbo ukimalizika, maana aliuhisi mtetemo unapoisha kabla sisi hatujanyamaza.

Wapo wazazi wanaosema tunacheza tu. Nawaelewa, kwa sababu wanajinyima mengi ili mtoto asome. Huwa naomba wakae dakika kumi watazame. Wanaona mtoto wao akisubiri zamu, akikumbuka mfuatano wa mapigo saba, akimsikiliza mwenzake ili aingie kwa wakati. Pia nawaambia kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unautaja mchezo, pamoja na kushiriki maisha ya utamaduni na sanaa, katika ibara moja, ya 31. Viliwekwa pamoja, na darasani kwangu ndivyo nilivyovikuta, vimeshikana. Ibara ya 30 inalinda haki ya mtoto wa jamii ya wachache kuufurahia utamaduni wake na kutumia lugha yake, na mimi naisoma ikiwa na maana hata pale kwenye mchanga, kwenye ndoo na kijiko.

Na wapo wazazi ambao imani yao haitaki ala, au haitaki mtoto acheze ngoma. Mwanzoni niliwaona kama kikwazo kwa ujumuishi wangu. Nikajirudi: kama najumuisha wale tu wanaopenda ninachokipenda, sijamjumuisha mtu. Tunazungumza, nasikiliza mpaka mwisho, halafu tunatafuta pamoja kinachowezekana: sauti peke yake, ghani za mashairi, kuhesabu kwa mahadhi, mchezo wa kuitikiana. Mtoto hakai nje ya duara akitazama. Tunalibadilisha duara siku hiyo, kwa wote, na wala hakuna anayetangaza sababu.

Yule binti wa ndoo alikaa nami mwaka mzima na nusu. Kuimba kulikuja kwa kuchelewa, mwezi wake wa tano hivi darasani, na hakukuja kwenye duara. Alikuwa anawapanga wenzake watatu mchangani, kila mmoja na ndoo yake. "Wewe fupi. Wewe fupi. Wewe refu, usiwahi!" Yule wa tatu, mvulana wa gari la mbao, akawahi. Akamrudisha. Akawahi tena. Binti akafikiri, akamwambia basi amalize kwa kuruka, maana ukiruka huwezi kutua kabla ya wakati. Ikakubali. Nikaandika kwenye daftari langu: *kuruka kwa pigo refu*, na nimeitumia njia hiyo na watoto wengi tangu wakati ule.

Walipozunguka mara tano au sita bila kuvunjika, akaanza kuimba juu ya mapigo, wimbo wa bibi yake, maneno yote, sauti kavu na ndogo lakini imesimama. Wenzake hawakujua maneno. Walishika vokali ya mwisho ya kila mstari na kuirudisha kwake. Nilikuwa nimesimama hatua kumi hivi kutoka kwao, kalamu mkononi, na kengele ya kurudi ndani ilikuwa imefika wakati wake. Sikuigonga mpaka walipomaliza.